Sanduku la Bati na Kobe wa Narung'ombe

Tangu nirudi Tabora, kila anayeingia uani kwangu na kumwona kobe ananiuliza nimemtoa wapi. Nikianza kumsimulia, hafiki Rufiji kabla hajanikatisha kwa safari yake mwenyewe. Kwa hiyo nimeandika, tusimalizane koo. Habari za vibali, mihuri na tiketi sitawaandikia. Vibali ninavyo, mwenye kuvitaka aje avione. Mengine yote ni haya.

Tabora hadi Nangurukuru

Chanzo ni binti yangu Mwanaidi, aliye kidato cha tatu. Jioni moja, mfuko ukiwa umenona baada ya kumaliza injini ngumu, nilimwuliza anataka zawadi gani akifanya vizuri mtihani wake. Akasema anataka kobe. Nikacheka. Yeye hakucheka.

"Kobe nyumba yake anayo mgongoni," akasema. "Siku ukituhamisha tena, yeye hatapata tabu."

Mama yake aliinamia sinia la mchele akawa anachagua mawe yasiyokuwepo. Na alisema kweli. Mwanaidi alizaliwa Tunduru, akaanza chekechea Songea, darasa la kwanza Mbeya, la nne Kahama, na sekondari ndiyo hii ya Tabora. Mimi ni fundi pikipiki, na pikipiki zinaharibika kila mahali, kwa hiyo sijawahi kukosa sababu ya kuondoka wala kazi ya kufanya nikifika. Nikikaa mji mmoja miaka mitatu, nyayo zinaanza kuwasha.

Nikamwahidi kobe. Nikasema zaidi ya hapo: nitamtafuta kwa mfugaji wa haki, anayetotoa mwenyewe. Wa kuokotwa porini sitamleta, kwani huyo amenyang'anywa kwao, na nyumba yetu ina watu wa namna hiyo wa kutosha.

Mtauliza kwa nini nilikwenda kumtafuta Nachingwea, nchi ya mbali hivyo. Sababu ya kwanza ni kwamba binamu yangu Mohamedi, mtoto wa mjomba, aliniambia kwa simu kuwa upande wa Ruangwa kuna watu wanafuga kobe kihalali. Sababu ya pili sikumwambia mtu. Nachingwea ndiko nilikozaliwa, na marehemu baba aliniachia kiwanja chenye mikorosho minne. Nilikuwa nimeanza kuota nimejenga pale, na familia yote nimeihamishia nyumbani. Nilijiambia kuwa huko ndiko kutakuwa kuhama kwa mwisho. Nilishajiambia hivyo Mbeya na Kahama pia.

Kutoka Tabora hadi Dar hakukuwa na la kusimulia ila kiuno. Kutoka Dar nilipata kiti jirani na mama mmoja wa Songea, Mama Komba, anayekwenda Masasi kumtazama binti yake aliyejifungua. Aliponiuliza kabila nikamwambia Mmwera, akageuka kiti kizima. Mngoni na Mmwera ni watani, na mtani hahitaji kufahamiana na mtu ndipo amtukane.

Aliniuliza ninafuata nini kusini. Nikamwambia kobe. Alicheka mpaka kondakta akaja kutazama.

"Kumbe ndiyo maana," akasema. "Babu zetu walipokuja walishangaa Wamwera wamekwenda wapi. Mlikuwa mmeingiza vichwa ndani."

Nikamwambia babu zao walitembea kutoka mbali sana kuja kutafuta chakula kwetu, kwa hiyo asinicheke mimi niliyetoka Tabora tu. Akanipa kiazi kitamu kama fidia.

Kabla ya kufika Nangurukuru basi lilikufa. Mkanda wa feni ulikuwa umekatika, na mkanda wa akiba uliokuwemo ulikuwa wa gari jingine kabisa. Dereva na kondakta wakaanza kulaumiana ni nani aliyeununua. Nikavua shati. Tuliufunga mkanda ule wa zamani kwa waya na kipande cha mpira wa tairi la baiskeli tulichopewa na mwuza maji, tukatambaa nao hadi Nangurukuru mwendo wa harusi. Pale tukangoja mkanda mpya saa nne nzima. Abiria walikula mihogo ya kukaanga mpaka ikaisha, kisha wakala mayai mpaka yakaisha, kisha wakaanza kuulizana habari za ndugu.

Ni katika kungoja huko Mama Komba, mfugaji wa kuku maisha yake yote, ndipo aliponipa ushauri ambao sikuulipia. Alisema mtu akikwambia ni mfugaji, usiwaangalie wakubwa wake, kwani wakubwa hata mwizi anao. Mwulize vifaranga wako wapi.

Nachingwea

Nilifika nimejaa vumbi na furaha. Sikujua kama ningeukumbuka mji kwa harufu, lakini niliposhuka stendi, harufu ya mabibo, matunda ya mkorosho, yaliyoiva na kuanza kuchacha ilinipokea kabla Mohamedi hajanifikia. Ulikuwa mwanzo wa msimu wa korosho. Nilisimama nikiinusa kama mtu aliyepoteza begi, mpaka Mohamedi akanishika mkono.

Nyumbani kwake, kwenye kona ya chumba cha wageni, nililikuta sanduku langu la bati. Ndilo nililokwenda nalo sekondari, na jina langu bado lilikuwa kwenye mfuniko kwa rangi nyeupe. Nililiacha hapo nilipoondoka mara ya kwanza, na shemeji Zuhura, mke wa Mohamedi, alikuwa akilitumia kuhifadhia mbegu za ufuta. Mnisamehe nikieleza jambo hili, kwani litarudi. Mimi sijawahi kuuhama mji bila kuacha kitu. Songea kuna baiskeli yangu isiyo na tairi. Mbeya kuna koti. Kahama kuna boksi la spana. Ukiacha kitu mahali, unajiona hujaondoka. Mohamedi ananijua, na kila akinisindikiza huuliza swali lilelile kwa dhihaka: "Safari hii umeacha nini?"

Kesho yake nilikwenda sokoni kuulizia wafugaji wa kobe. Hapo nilifanya kosa la mgeni katika mji wangu mwenyewe. Mtu mzima, mgeni machoni, anayeuliza kwa sauti nani ana kobe, kwetu ni mganga anayetafuta vifaa. Mama mmoja alisogeza tenga lake la nyanya. Mzee mwingine alinivuta pembeni akaniuliza kwa adabu kubwa nimefikia nyumba gani. Nikamwambia kwa Mohamedi, nikidhani atanitafutia mfugaji.

Alasiri walikuwa wamekuja watu watatu wakitaka tiba. Wawili Mohamedi aliwarudisha kwa kicheko. Wa tatu alikuwa na kifua, na alikataa kuondoka. Amekuja kutoka Mkotokuyana kwa miguu, alisema, hawezi kurudi bure. Nikamwuliza kama amekwenda hospitali. Alikwenda Mnero, wakampa dawa za siku tano, na yeye akazinywa siku mbili alipoona nafuu. Nikamwambia, kwa sauti nzito kidogo maana alikuwa ameitegemea, arudi nyumbani azimalize zote, na asipopona arudi Mnero kulekule. Nasikia alipona. Jina langu likakua, na Mohamedi akanishauri nihamie Ruangwa haraka kabla sijaletewa kuku.

Kabla ya kuondoka tulipita kiwanjani. Mikorosho minne ilikuwepo, na msingi wa nyumba ya baba, matofali ya udongo yaliyoyeyuka kama sukari. Nilitembea kutoka mkorosho hadi mkorosho nikipanga vyumba. Hapa sebule, hapa chumba cha Mwanaidi. Mohamedi aliniuliza kama mama Mwanaidi amekubali. Nikasema atakubali akiona. Siku hiyohiyo nikapatana na mafundi waje kuchimba msingi mara nitakapomaliza shughuli ya kobe. Ndivyo nilivyo. Nikishaona kitu kichwani, nakuwa nimeshakijenga.

Ruangwa

Ruangwa nilielekezwa kwa jamaa mmoja nyuma ya maduka, ambaye jina lake nitaliacha. Alikuwa na simu mbili, na ua uliozungushiwa mabati mapya. Alinipokea kwa maneno ya Dar, ingawa aliniambia mwenyewe hajawahi kuvuka Lindi.

"Mzee baba, umefika kwa mwenyewe," akasema. "Hawa wote wametotolewa hapahapa, mikononi mwangu."

Walikuwa wengi, na wote wakubwa. Nikakumbuka ushauri wa Mama Komba na nikauliza vifaranga wako wapi. Akasema wamelala. Mayai je? Akasema msimu umepita. Nikauliza wazazi ni wapi kati ya hawa. Akaonyesha wawili waliokuwa karibu na mguu wake, kisha nilipozunguka upande wa pili na kuuliza tena, akaonyesha wengine wawili.

Nikachutama. Kobe aliyekuwa mbele yangu alikuwa na gamba zuri upande wa kichwa, njano na weusi vikipangana. Upande wa nyuma gamba lilikuwa limebanduka, na chini yake kulikuwa na weupe kama mfupa wa zamani. Nikamtazama wa pili, naye hivyohivyo. Wa tatu alikuwa na ukingo ulioliwa.

Mtu wa Tabora angedhani ni ugonjwa. Mimi nimekulia huku. Tukichoma mashamba mwisho wa kiangazi, sisi watoto tulikuwa tukipita nyuma ya moto kuokota panya, na kila mara tulikuta kobe mmoja au wawili. Kobe hakimbii moto. Anaingiza kichwa chini ya kichaka, na moto unampita juu ya matako. Anayepona anabaki na alama ile maisha yake yote. Ua ule wenye mabati mapya haukuwahi kuona moto.

Nikamwambia, "Ndugu yangu, hawa wametotolewa shambani kwa nani?"

Akacheka, akashusha bei. Nilipoendelea kulitazama gamba akaishusha tena. Nikainuka nikajipangusa magoti. Yule wa kwanza, mwenye weupe kama mfupa, alikuwa ameshatoa kichwa na ananitazama, na nikiri kwamba kidogo nimchukue kwa huruma. Lakini ningemchukua, kesho yake jamaa angekwenda kutafuta wa kujaza nafasi. Nikatoka, nikampigia simu bwana wanyamapori, nikamweleza nilichokiona. Baadaye nikasikia walikwenda.

Nilikula mchana kwa mama lishe mmoja, ugali wa muhogo na kisamvu cha karanga. Yeye alikuwa amenisikia nikiongea na simu, na alipokuja kuchukua sahani akaniambia nimeanzia mahali pabaya. Anayetotoa kweli yuko Narung'ombe, ni mama mtu mzima anayeitwa Bi Somoe. Ila, akasema, huyo hauzi ovyo. Wengi wanarudi mikono mitupu.

Nikamwambia mimi sitarudi hivyo. Nilikuwa na uhakika kabisa.

Narung'ombe

Bodaboda alinishusha mbele ya nyumba ya matofali yenye uzio wa miti iliyosimamishwa karibukaribu. Bi Somoe alikuwa akifagia. Ni mwanamke mrefu, wa miaka sitini na kitu, anayesikia kwa sikio moja tu, kwa hiyo unapoongea naye anakupa shavu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba. Kaa hapo usinikanyagie mayai."

Niliangalia chini. Mbele ya kiatu changu kulikuwa na kipande cha mchanga kilichozungushiwa vigae vya chungu, na pembeni vingine vitatu. Kila kimoja kilikuwa na kijiti chenye mafundo ya kamba, fundo moja kwa kila mwezi tangu mama kobe afukie. Nyuma ya uzio mwingine kulikuwa na vifaranga, wadogo kama vifuniko vya birika, na kundi jingine la mwaka mmoja, na jingine la miaka mitatu. Magamba yao yalikuwa mazima mpaka mkiani. Sikuhitaji kuuliza swali lolote.

Yeye ndiye aliyekuwa na maswali. Marehemu mume wake alikuwa askari wa wanyamapori, akamwachia kobe wawili waliosajiliwa, na kutokana na hao, kwa kufundishwa na kwa kukosea, amefika hapo. Hauzi aliye chini ya miaka mitatu. Hamuuzii mtu asiyeonyesha kibali. Hauzi siku ileile. Mnunuzi hulala kijijini na kumlisha kobe wake asubuhi saba, mahali palepale, jua likishapanda kidogo, majani tu.

"Kobe hakujui kwa jina," alinieleza. "Anakujua kwa miguu. Asubuhi ya saba unasimama mikono mitupu. Akikufuata, nenda naye. Asipokufuata, nenda mwenyewe, na usinichukie."

Asubuhi moja ikirukwa, hesabu inaanza upya. Aliniambia walioshindwa wengi hawakushindwa na kobe, walishindwa na siku saba.

Nilimchagua dume mmoja wa miaka minne, ukubwa wa bakuli la mchuzi, mwenye alama kama mshale kwenye gamba la mbele. Nikapanga chumba kwa jirani, Mzee Bakari, mkulima wa ufuta. Kiswahili chake si kingi na Kimwera changu kimeota kutu, kwa hiyo tulielewana kwa ming'oko. Mkewe aliipika kila jioni, mizizi mirefu ya porini ya kumenya kwa meno na kuchovya chumvi, na nilipokula ya kwanza baada ya miaka ishirini nililamba hata chumvi ya vidoleni. Mzee Bakari akaniongezea.

Mchana nilitengeneza pikipiki. Kufikia siku ya pili nilikuwa na foleni chini ya kibanda cha korosho.

Lakini asubuhi ile ya pili kobe alikuwa bado ananitazama kama ukuta. Niliweka majani, akangoja niondoke. Asubuhi ya tatu nikafanya akili. Njiani kulikuwa na mabibo yameanguka, mekundu, yamejaa maji. Sisi tuliokulia huku tunajua hakuna kiumbe anayekataa bibo. Nikaficha mawili ndani ya majani. Yule bwana alivuka ua kwa mwendo ambao sikujua kobe anao. Nikafurahi. Nikamwonyesha Bi Somoe, unaona mama, ameshanijua.

Alasiri akaniita. Alikuwa amesimama juu ya kinyesi cha kobe, chepesi kama uji, chenye rangi ambayo majani hayatoi.

"Umemhonga," akasema.

Sikukana. Akaniambia bibo moja kwa kobe ni harusi, mawili ni kuharisha, na aliyekula matatu aliwahi kumzika mwenyewe. Kisha akanyoosha kidole kimoja. Asubuhi ya kwanza, upya.

Nawaambieni ukweli, nilikaribia kuondoka. Nyayo ziliwasha. Nilikaa chini ya kibanda nikihesabu siku, nikaona naweza kupata kobe kwingine, kwa mfugaji asiyejua kusoma kinyesi. Nikabaki kwa sababu moja tu: nilishamwambia mama lishe sitarudi mikono mitupu.

Asubuhi ya nne ya hesabu mpya, baada ya kulisha, Mohamedi akapiga simu. Mafundi wamepata nafasi, wanakuja kesho alfajiri kuchimba, nami lazima niwepo kuwaonyesha mipaka, la sivyo watakwenda kazi nyingine hadi baada ya mvua. Nikaenda kwa Bi Somoe kuomba ruhusa ya asubuhi moja tu. Nilimwahidi kwamba Mzee Bakari atanilishia.

"Msingi wa nini?" akauliza.

Nikamwambia wa nyumba. Akasema alidhani kobe anakwenda Tabora. Nikasema ndiyo, Tabora kwanza, halafu tutahamia Nachingwea wote. Aliacha kufagia. Akauliza nimehama mara ngapi, nikazihesabu kwa sauti, na nilipofika Kahama sauti ilikuwa imepungua yenyewe.

"Na mtoto anajua?"

"Bado mama."

"Mwenye kobe ni yeye. Nipigie nimsikie."

Ilikuwa Jumamosi, Mwanaidi alikuwa nyumbani. Nikapiga, nikamsalimia, nikampa Bi Somoe simu. Bi Somoe, kwa sababu ya sikio lake, huweka simu sauti ya juu na kuishika mbele ya uso kama kioo. Mwanaidi hakulijua hilo. Walisalimiana kwa kirefu, akamwuliza habari za kobe, kisha Bi Somoe akasema, "Baba yako kesho anataka kwenda kuchimba msingi Nachingwea, mhamie huko. Wewe unasemaje?"

Jogoo aliwika huko Tabora, tukamsikia.

"Bibi, kobe anaishi miaka mingapi?"

"Akitunzwa, atanizika mimi na baba yako."

"Ndiyo maana nilimtaka," Mwanaidi akasema. "Nilidhani baba akiwa na kitu kinachoishi hivyo, atakaa." Akavuta pumzi. "Hapa nina rafiki. Sijawahi kuwa na rafiki akafika miaka miwili. Lakini bibi, usimwambie baba, atajisikia vibaya. Na usimwambie nimelia."

"Simwambii," Bi Somoe akasema, akinitazama.

Akakata, akanirudishia simu, akachukua ufagio wake. Nilikaa pale kwenye kigogo mpaka jua likanifikia magotini. Tangu jioni ile ya kobe nilidhani binti yangu ananidhihaki, kumbe alikuwa ananiomba, na aliomba kwa njia ambayo isingeniumiza.

Nikampigia Mohamedi. Nikamwambia mafundi wasije.

"Wasije kesho?"

"Wasije."

Asubuhi ya tano nilikuwepo, na ya sita pia. Ya saba Bi Somoe alitoka na kiti akakaa, na Mzee Bakari akaja kusimama kwenye uzio akiwa na jembe begani, amesahau shamba. Nilisimama mahali pangu mikono mitupu. Kobe alikuwa kwenye kivuli upande wa pili. Alitoa kichwa, akarudisha. Mguu wangu ulitaka kupiga hatua, nikaukataza. Nadhani sijawahi kusimama mahali pamoja kwa nia kubwa hivyo. Kisha akainuka, akaanza kuja, bila haraka, akapita vigae, akapita bakuli la maji bila kugeuka, akafika, akauma kamba ya ndala yangu.

Mzee Bakari alisema kitu kwa Kimwera ambacho nilikielewa chote. Alisema, huyo amempata mtu wake. Sikuuliza alimaanisha yupi.

Nachingwea, siku niliyoondoka

Nilirudi kwa Mohamedi nikiwa nimempakata kobe kwenye tenga. Tukaenda kiwanjani yeye, mimi na mwenyekiti wa mtaa. Nikasema mbele yao kwamba kuanzia siku hiyo kiwanja ni cha Mohamedi, na mikorosho yake, na anga lake. Mohamedi alikataa, nikasisitiza, akakataa tena kama adabu inavyotaka, kisha akakubali. Nilipita mara moja pale nilipopanga chumba cha Mwanaidi. Palikuwa na nyasi tu na korosho tatu zilizoanguka. Nikaziokota nikampa.

Tatizo likawa kobe atasafiri ndani ya nini. Tenga angelitafuna, na boksi la karatasi lisingefika Dar. Shemeji Zuhura ndiye aliyelitaja sanduku. Akamimina mbegu za ufuta kwenye gunia, akalipangusa, akalileta sebuleni. Mohamedi akachukua msumari na nyundo, nami nikachukua wa kwangu, tukalitoboa pande zote mpaka likawa kama chekeche. Mfuniko tukaung'oa, tukaufunga kwa kamba pembeni, ili bati likipata joto lisimwivishe. Tukatandika majani makavu. Kobe alizunguka mara moja, akajaribu kona, akakubali.

Stendi kondakta aliuliza sanduku lina nini. Nikamwonyesha na karatasi zake. Akapiga mluzi, akasema huyo atakaa mbele, miguuni pangu, na akijisaidia ni juu yangu.

Nilikuwa nimeshapanda, sanduku liko kati ya magoti, jina langu la shule likinitazama kwenye mfuniko. Mohamedi alisimama chini ya dirisha. Basi lilikuwa limeshawashwa. Akauliza kama anavyouliza siku zote, na tayari alikuwa anacheka:

"Safari hii umeacha nini?"

Nikatazama chini, nikatazama juu kwenye begi, nikafikiri kwa kweli, kwa sababu nilitaka kumjibu sawasawa.

"Sijaacha kitu," nikasema.

Kicheko kikamwisha. Akanyoosha mikono yote miwili dirishani akaushika mkono wangu, akaushikilia hivyo akitembea pembeni ya basi mpaka lilipomzidi mwendo.